Kifaa cha Tisa

Tangu ahamie kwangu Bunju, mama yangu hakuwahi kuniomba kitu. Nikimuuliza anahitaji nini, ananijibu anahitaji afya. Kwa hiyo siku aliponiambia kwamba intaneti haifiki chumbani kwake, nilishangaa kwanza, kisha nikafurahi kupita kiasi. Nilidhani anataka kusikiliza mawaidha akiwa amejinyoosha kitandani. Sikumuuliza zaidi ya hapo.

Kwa nini haifiki, hilo nililijua. Nyumba yetu imejengwa kwa awamu, kama nyumba nyingi za huku. Chumba cha mama kiliongezwa nyuma baadaye, nje ya ukuta wa zamani, kwa hiyo kati ya sebule na kitanda chake kuna kuta tatu za tofali za saruji. Rauta tuliyofungiwa na kampuni ya intaneti imekaa sebuleni juu ya kabati la televisheni. Ukifika koridoni waifai inaanza kuchechemea, na mlangoni kwa mama inakata kabisa. Nilikuwa namkuta amesimama katikati ya korido, simu ameinyanyua juu, na mimi nikipita nacheka.

Nikanunua meshi. Ni rauta ndogo nyeupe, tatu kwenye boksi moja, unazitawanya nyumbani nazo zinapokezana intaneti mpaka ifike kila chumba. Mke wangu akashauri tumwite fundi. Nikamwambia fundi ni mtu kama mimi, tofauti yetu ni begi. Ninafanya kazi kwenye kiwanda cha rangi Mikocheni, upande wa kupima ubora, na kwa miaka kumi na minane nimesoma vitabu vya maelekezo ya mashine ambazo hata waliozileta hawazielewi. Vijiboksi vitatu visingenishinda.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya adhuhuri. Nikachomeka cha kwanza kwenye rauta ya kampuni kwa waya, cha pili nikakiweka koridoni, cha tatu juu ya meza ya mama karibu na dawa zake za presha. Mama alikitazama, akauliza kama kinauma. Nikamwambia hakiumi. Akasema basi kikae.

Taa zikawaka zote, intaneti hakuna. Nikazima, nikawasha. Nikachomoa waya, nikaurudisha, nikautukana. Jikoni mke wangu alikuwa anatwanga kisamvu, na kila nikiguna naye anapiga mchi kwa nguvu kidogo, makusudi, nijue amenisikia. Baada ya saa nzima nikapiga simu huduma kwa wateja. Dada aliyepokea alikuwa na subira kuliko mimi.

"Kaka, hapo rauta mbili zinagombania kazi moja," akasema. "Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa rauta yetu, uzime waifai yake, ibaki kupitisha intaneti tu. Kugawa uiachie hiyo mpya. Halafu ukiweka jina la waifai na paswedi zilezile za mwanzo, simu zote zilizokuwa zinaingia zitajiunga zenyewe, hutaanza kuandikisha moja moja."

Nikamwambia mimi nitaweka mpya. Vitu vipya, paswedi mpya.

"Uamuzi ni wako, kaka."

Nilikuwa nimeshaitunga, ina herufi kubwa na ndogo, namba, hadi alama ya mshangao. Nilimtajia mke wangu kwa fahari. Yeye akaacha kutwanga na kusema, "Kwani ile ya zamani ina ubaya gani? Iache tu, baba watoto." Nikamwambia mambo ya usalama wa mitandao hayajui. Mchi haukuendelea mara moja.

Namba za kuingilia kwenye ukurasa wa mipangilio zipo nyuma ya rauta ya kampuni, zimeandikwa kwa maandishi ya kuwadhulumu wenye miaka hamsini. Nikaingia. Na hapo, kabla ya kufika kwenye kuzima waifai, nikakuta orodha ya vifaa vilivyowahi kuunganishwa. Nikavihesabu. Nikavihesabu tena kwa kidole. Tisa.

Nyumbani kwetu tupo watatu, watoto wote wapo shule za bweni. Simu yangu, ya mke wangu, ya mama, televisheni, na kompyuta ya kazini. Hivyo ni vitano. Nilishtuka na damu ikanipanda papo hapo. Nikawaza jirani wa kulia, aliyejenga ukuta wake ukagusa wangu. Nikawaza jirani wa kushoto, anayenisalimia kwa uchangamfu nisiouelewa. Nimeibiwa! Nikaanza kuvizuia vifaa kimoja kimoja, nisikilize atakayepiga kelele.

Nikazuia cha kwanza, televisheni ikaganda. Cha pili, mama akaita kutoka koridoni, "Imekata tena, baba!" Nikamrudishia. Cha tatu, simu yangu mwenyewe, nikapoteza dakika kumi kujirudisha. Vilipobaki vinne nisivyovijua nikamwita mke wangu. Akaja anafuta mikono kwenye kanga, akaangalia, akasema vile vitatu ni vya kina mama wa kikundi chake cha dua cha Ijumaa.

"Umewapa paswedi?" Nikamgeukia. "Watu wanakuja kuomba dua, unawapa waifai?"

"Wanasoma humo, Kurani ipo kwenye simu siku hizi. Ungewanyima?"

Yeye akarudi jikoni haraka, na kisamvu kikaendelea kupata kipigo. Kikabaki kifaa kimoja. Muda ule hakikuwa kimeunganishwa. Mwenyewe alikuwa amekibadilisha jina, hakikuwa na yale majina ya kiwandani yenye namba ndefu. Kiliandikwa Mziwanda.

Sijui kwa nini akili haikufika mapema. Pengine ni kwa sababu kwa miaka mitatu nilikuwa nimejizoeza kutolisikia neno hilo. Nilichoona ni mwizi mwenye dharau ya kujiandika. Nikafungua kumbukumbu zake. Kiliingia Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kikatoka saa nane mchana. Jumanne ya nyuma yake, vilevile. Na ya nyuma yake. Siku na saa ambazo mimi nipo kiwandani. Nikasimama katikati ya sebule na kupaza sauti nyumba nzima isikie:

"Na huyu Mziwanda ni nani?"

Mchi ukanyamaza jikoni. Kisha kutoka chumbani kwa mama, kupitia zile kuta tatu, ikaja sauti yake, changa na yenye furaha ambayo sijaisikia siku nyingi. Alikuwa amedaka neno lile moja tu.

"Mziwanda kaja? Mbona leo? Si Jumanne anakujaga, kaka yake akiwa kazini?"

Nilikaa chini. Siyo kwenye kiti. Nilikaa sakafuni, juu ya boksi la meshi, likabonyea. Mziwanda ni mtoto wa mwisho. Kwa mama yangu mtoto wa mwisho ni mmoja, naye ni mdogo wangu, niliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka sita, na ambaye sijaongea naye tangu siku tuliyomzika baba.

Mke wangu alitokea mlangoni na mchi mkononi.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu arobaini ya baba ilipopita."

"Kila Jumanne?"

"Kila Jumanne. Isipokuwa ule mwezi aliolazwa."

"Alilazwa?" Nikainua kichwa. "Alilazwa lini? Anaumwa nini?"

"Ameshapona. Ilikuwa mwaka jana. Tulikwenda kumwona mimi na mama, tukakwambia tumekwenda harusini."

Harusi hiyo naikumbuka. Niliwaletea bajaji mwenyewe hadi getini, nikawatania kwamba wamependeza. Mdogo wangu anaishi Mbagala, kule mwisho wa Temeke. Kutoka Mbagala hadi Bunju unalivuka jiji zima, upande hadi upande, na akifika analazimika kuondoka kabla mimi sijarudi. Miaka mitatu. Nilijaribu kuhesabu ni Jumanne ngapi nikashindwa.

Sasa inabidi niseme kilichotokea makaburini, maana bila hicho haya yote ni habari za waya na taa.

Baba alifariki alfajiri, nyumbani kwetu kwa zamani Temeke. Mdogo wangu alikuwa Lindi kwenye biashara zake za korosho. Tukampa taarifa, akapanda basi la kwanza. Maziko yakapangwa baada ya alasiri. Tukiwa tumeshafika makaburini akanipigia, akaniambia basi lao limekwama kwenye foleni Mkuranga, ameshuka na kupanda bodaboda, nimpe nusu saa. "Nisubirini, kaka," akasema, "nami nimtie baba mchanga." Nikamjibu, "Sawa, tunakusubiri."

Nikakata simu nikairudisha mfukoni. Baba akateremshwa. Kabla hajaanza kufukiwa, shehe akauliza kama kuna ndugu anayesubiriwa. Nikasema hakuna.

Sina sababu ya kujivunia. Nilikuwa na hasira. Baba aliugua miezi saba, mimi ndiye niliyemgeuza, niliyemuogesha, niliyembeba hadi hospitali, na mdogo wangu akawa anatuma pole kutoka kusini. Nikaona haki ya mchanga ni yangu. Jambo lenyewe lilichukua muda wa kutamka neno moja. Alipofika amejaa vumbi, akikimbia kati ya makaburi, watu walikuwa wameshaanza kunawa mikono.

"Kaka, umeninyima mchanga wa baba," akasema.

Na mbele ya wajomba, mbele ya shehe, mbele ya mtaa mzima, nikamjibu, "Hukupiga simu."

Alinitazama. Simu alikuwa nayo mkononi; angeweza kuifungua akawaonyesha. Badala yake aliinama, akagusa udongo uliokwisha kushindiliwa, akaondoka. Jioni ile mama aliponiuliza imekuwaje mziwanda wake hakusubiriwa, nikamwambia vilevile: hakupiga simu. Watu wakamlaumu yeye. Mimi nikaachia ilivyo, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusema vingine. Hakukanyaga tena kwangu, au ndivyo nilivyodhani. Kwenye misiba na harusi za ukoo akikaa upande huu, mimi nakaa ule.

Jumamosi ile, nilipoinuka kutoka juu ya boksi, nilikwenda chumbani kwa mama. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na alishafahamu kwamba ameropoka. Alikuwa ameshika simu yake kwa mikono miwili, kana kwamba nimekuja kumnyang'anya. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia. Mama yangu mzazi, ananiogopa mimi kwa sababu ya kumpokea mwanawe.

"Usimgombeze mkeo," akasema. "Mie ndiye niliyemwambia akufiche."

"Sigombezi mtu, mama."

"Siku asizokuja ananipigia, nawaona na wajukuu wangu kwenye kioo. Lakini huku ndani haishiki, na sebuleni nakuogopa wewe. Ndiyo maana nikakuomba hiyo intaneti."

Kumbe siyo mawaidha. Nikatazama kile kijiboksi cheupe kwenye meza yake, kinapepesa taa ya njano, kinatafuta mwenzake.

"Anasemaje juu yangu?" nikauliza. Nilijiandaa kusikia lolote.

Mama akashusha simu mapajani. "Nilimuuliza mara moja tu, nikamwambia haiwezekani kaka yako akakuzika hai bure bure, niambie kweli. Akaniambia, mama, kaka asilaumiwe. Mie sikupiga. Simu iliisha chaji tangu Kibiti. Kosa langu." Akanitazama. "Kila nikitaka kukusema vibaya, ananikataza. Mie sina kingine ninachokitaka, baba. Nataka niwaone mnakula kwenye sinia moja. Nikishaona hilo, hata Mungu akinichukua sawa."

Kuna mishtuko inayokufanya upige kelele, kama ule wa vifaa tisa. Huu ulininyamazisha. Miaka mitatu nilikuwa nimemchukia mdogo wangu kwa hesabu kwamba naye ananichukia, tunalingana. Nilikuwa nimemfikiria akizunguka Temeke akimwambia kila mtu kaka yake ni mwongo, na kwa siri hilo lilinisaidia, maana mtu akikusema vibaya unapata nafasi ya kumwona mbaya. Kumbe uongo wangu alikuwa ameuchukua akauvaa yeye. Na aliuvaa mbele ya mtu pekee ambaye mimi nilihofia asije akaujua.

Nilitakiwa kusema palepale. Nilifungua mdomo. Nikasema nakwenda kumalizia rauta.

Ndivyo nilivyo. Nikarudi sebuleni, nikazima waifai ya rauta ya kampuni kama yule dada alivyonielekeza, na kwenye simu meshi ikaniuliza nataka mtandao wangu uitwe nani na paswedi iwe ipi. Paswedi yangu mpya nilikuwa nimeshaiandika nusu. Kama ningeimalizia, Jumanne mdogo wangu angefika, simu yake ingejaribu kuingia ikakataliwa, na mtu aliyekwisha kufungiwa mlango mara moja asingehitaji kuelezwa. Nikafuta herufi moja moja. Nikaweka jina la zamani na paswedi ya zamani. Taa zikageuka kijani, moja sebuleni, moja koridoni, na baada ya muda mama akapaza sauti kwamba chumbani kumeshika. Mke wangu alipita na sufuria, akanitazama, akaendelea na safari yake ya jikoni.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini. Jumanne asubuhi nilibaki nyumbani, nimevaa shati la kutokea, nimekaa sebuleni na simu mkononi. Mke wangu aliniuliza kama amwarifu asije. Nikasema hapana. Nikamuomba pia asimwambie nipo. Mama aliswali, akaoga, akajipaka mafuta, akarudi chumbani kwake, mlango akauacha wazi.

Saa nne na robo simu yangu ikatetemeka. Ni ile meshi, ina tabia ya kukuarifu kila kifaa kinapoingia. Ikaandika: Mziwanda ameunganishwa.

Nikasubiri hodi. Haikuja. Nikatazama tena, bado ameunganishwa, kwa nguvu ndogo, mstari mmoja tu wa mtandao. Nikaelewa. Intaneti sasa inafika hadi getini, na yeye yupo pale nje, ameona pikipiki yangu ya kwendea kazini kupitia nafasi za geti. Amejua nipo. Dakika moja ikapita, ya pili. Hakuondoka na hakugonga. Nilikuwa nalitazama neno lile kwenye kioo cha simu, nikiogopa kwamba nikipepesa macho litatoweka.

Nikainuka. Kutoka sebuleni hadi getini kwangu ni hatua ishirini tu. Nikafungua.

Ndevu zake zimeingia mvi, hilo sikulijua. Amekonda. Mkononi ana mfuko wa visheti, mama anavipenda. Alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyekosea nyumba, kisha akafanya anachofanya tangu anajifunza kuongea, kwa sauti ya chini na kichwa ameinamisha.

"Shikamoo, kaka."

Neno la kujibia lipo moja, nalo halina ugumu, watoto wanalijua. Nilishindwa kulitoa. Nilisikia nyuma yangu mkongojo wa mama ukigonga sakafu ya baraza, anakuja kuangalia kimya hiki ni cha nini, na nikajua kwamba nikisubiri afike, nitapata tena kisingizio. Nikasema kwa sauti ya kumfikia na yeye.

"Ulipiga simu. Siku ile ulipiga, nikapokea, nikakwambia tunakusubiri. Halafu nikawaambia watu hakuna anayesubiriwa."

Mkongojo ukasimama.

Mdogo wangu aliinua macho. Yalikuwa yamejaa machozi, lakini pembeni mwa mdomo kulikuwa na kitu kinachokaribia kucheka.

"Najua, kaka," akasema. "Si mie niliyepiga?"